Mkono wa Idd Laithausi

Mjomba wangu hakutuita kwa jina wala kwa salamu. Alitupigia honi. Honi mbili fupi, gari limeelekezwa baharini, kioo kimeshushwa nusu, na mkono wenye saa ya dhahabu umetokezwa nje kana kwamba unangoja kupakwa hina. Mamangu akizisikia honi zile huacha alilokuwa akilifanya. Huchagua viazi vya karai vilivyoiva vizuri, huviweka kwenye sahani isiyo na ufa, hutia ukwaju na pilipili kidogo, maana alijua pilipili nyingi humchoma tumbo, kisha huenda mwenyewe mpaka dirishani. Mjomba hupokea sahani huku akitazama bahari. Akimaliza, honi tena, sahani ichukuliwe. Hata siku moja hakumwambia hujambo.

Asiyeikuta Laithausi ya miaka ya tisini nimweleze kidogo. Ni ile barabara ya ufukoni penye mnara wa taa za meli, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, ukishaipita Feri. Jioni za Jumapili mji mzima ulimwagika pale. Waliokuja kwa miguu walikaa ukutani wakaninginiza miguu, na meli za kwenda Kilindini zilipita karibu sana hata watoto wakawapigia kelele mabaharia nao wakawapungia mikono. Waliokuja na magari hawakushuka. Mwenye gari alipiga honi au aliwasha taa, na muuzaji akamfuata dirishani na sahani. Ndivyo kazi ilivyokuwa, na sikuwa na neno nayo. Wageni walitupigia honi na wakasema "Ahsante, mama" wakimaliza. Sikumchukia mtu kwa honi isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja na mamangu ni tumbo moja. Sisi asili yetu ni nyuma ya Mazeras. Nyanya alipokufa, mamangu alikuwa msichana aliyeanza kuposwa, na mjomba alikuwa mtoto wa kubebwa. Posa ile ilirudishwa, kwa sababu mwenye kuposa hakutaka mke mwenye mtoto mgongoni. Mamangu akashuka Mombasa naye, akapanga chumba Majengo, akafua nguo za watu, akakaanga viazi. Kwa viazi hivyo mjomba alisoma chuo cha Kurani na skuli, akavaa viatu wakati mamangu anavaa kandambili, akapata kazi ya ukarani Kilindini, kisha akawa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa mkoba na kalamu mbili mfukoni. Mamangu aliolewa baadaye, amekwisha kuwa mtu mzima, na babangu, Mungu amrehemu, hakuishi sana. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na yeye, na karai.

Mjomba akaoa Mji wa Kale, nyumba ya watu wanaohesabu babu zao kama tasbihi. Harusi hiyo hatukualikwa. Mamangu alisema labda nafasi ilikuwa ndogo. Nami wakati ule nilikuwa bado naamini anayoyasema.

Siku niliyoacha kuamini ilikuwa Jumapili ya kawaida. Mamangu mguu ulimuuma, basi honi mbili zilipolia nikaenda mimi na sahani. Mjomba alikuwa na mkewe, ambaye kwa adabu zetu ni mkaza mjomba wangu, na nyuma ameketi rafiki wa mkewe, mgeni. Yule mgeni akaniuliza kama viazi ni vyangu. Kabla sijajibu, mkaza mjomba akamjibia.

"Ni vya mamake. Yule pale. Alikuwa mtumishi wa kina mume wangu zamani, kwao Lamu. Akimbeba mgongoni. Jamaa za mume wangu wote wamekufa, amebaki yule kizee wa kazi tu. Ndiyo maana twaja kumuungisha, maskini."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa na kiazi mdomoni. Alitafuna, akameza, akatazama meli. Kisha akanipa noti na kusema, "Weka chenji."

Nilitamani kummiminia ukwaju kwenye kanzu. Nilirudi kwenye jiko, na usiku, mlango umefungwa, nikamweleza mamangu neno kwa neno. Alikuwa akimenya viazi vya kesho. Hakusita kumenya.

"Umesikia vibaya," akasema.

"Mama, masikio yangu mazima."

Akamenya kingine. "Mwanangu, wayua kuweka kitu kifuani?"

"Najua."

"Basi weka. Usimvundie mtu nyumba yake."

Nikaweka. Lakini kilichowekwa kifuani hakikai kama nguo sandukuni. Kilinila. Kila Jumapili honi mbili, kila Jumapili mamangu huyo anakokota mguu na sahani isiyo na ufa, na mimi nakatakata ndimu huku namkata mjomba vipande vipande moyoni. Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata kidonda hakikuwa kimefunga.

Na jambo lililoniudhi kuliko mtumishi, kuliko chenji, ni Idd.

Kwetu, baada ya swala ya Idd, mdogo humwendea mkubwa kumpa mkono. Humfuata nyumbani kwake, humbusu mkono, humtakia Idd njema. Haulizwi kama wamegombana au wamepatana, mkono ni mkono. Asiyekwenda ameukata udugu kwa kisu, na watu watasema. Mamangu hakupata kuuza siku ya Idd mosi, ingawa ndiyo siku ambayo Laithausi hujaa hadi watu wakakosa pa kusimama. Alibaki nyumbani. Alipika pilau, akapakua sahani moja, akaifunika kawa, akavaa leso mpya na kukaa kitako kitandani akiuelekea mlango. Sahani ilikaa mpaka magharibi. Kisha alinipa mimi nile, akisema chakula kisitupwe.

Nilikula pilau ile miaka mingi bila kujua mjomba yuko wapi saa hizo. Nikaja kuambiwa na mpakaji hina wa mtaani kwetu, aliyekuwa akiingia nyumba ya wakwe wa mjomba kila sikukuu. Mjomba kila Idd mosi jioni aliwatia wakwe zake garini akawapeleka Laithausi kupunga upepo. Kila Idd mosi, hakosi. Siku za Jumapili hakuthubutu kuwaleta, kwa sababu dadake yuko pale na karai lake, na mkwewe angetaka kumhoji huyo mtumishi. Idd mosi alijua hayuko. Alijua yuko wapi, na alijua anamngoja nani.

Nilicheka peke yangu nilipolisikia hilo, kicheko cha hasira. Mamangu amekaa nyumbani kwa ajili yake, naye anastarehe kwa sababu mamangu amekaa nyumbani! Hapo ndipo nilipojua nitafanya nini, na nilingoja Ramadhani yote nikiwa na furaha mbaya ambayo sidhani inamfaa mtu aliyefunga.

Siku mbili kabla ya Idd nilimwambia, "Mama, Idd hii twende tukauze."

Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Vidole vikasimama.

"Na akija?"

"Akija ataukuta mlango umefungwa. Atajua pa kutupata."

Alinitazama. Nilidhani atanigombeza. Akapeta ungo, makapi yakaruka, akasema, "Haya. Nunua viazi vingi."

Idd ile jua lilikuwa kali na upepo mzuri. Alasiri ilipoingia ukuta wote ulikuwa umejaa, wasichana na mabuibui mapya, wanaume na kanzu zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe, watoto na maputo. Honi zilikuwa zikilia kila upande. Mamangu alikuwa amevaa leso mpya, amejifunga kilemba, mikono imezama kwenye bakuli la unga uliotiwa manjano. Viazi vya karai huchovywa kwa mkono, kimoja kimoja, kisha huingizwa kwenye mafuta, kwa hivyo anayekaanga mikono yake huwa ya manjano mpaka kwenye vifundo.

Gari la mjomba likaja, likasimama hatua chache kutoka kwetu, limetupa mgongo. Hakugeuka kutazama wauzaji, ageuke kwa nini? Mbele kando yake ameketi mkwewe, mzee mkali mwenye bakora ya mpingo. Nyuma wameketi mama mkwe na mkewe, udi unawanukia hadi nje.

Sikunawa mikono. Nilitaka inuke mafuta. Nikaenda hadi dirishani, nikainama, nikautwaa mkono wake wenye saa kabla hajauvuta, nikaubusu.

"Shikamoo, mjomba. Idd Mubarak."

Sura yake siwezi kuieleza vizuri. Nasema tu kwamba nikiugua huikumbuka nikapata nafuu.

"Sisi hatujaagiza kitu," akasema.

"Sikuja kuuza, mjomba. Nimekuja kutoa mkono." Nikazunguka upande wa pili taratibu, mwana wa watu mwenye adabu zake. "Shikamoo, babu. Idd Mubarak. Shikamoo, nyanya. Shikamoo, mkaza mjomba." Wote wakaitikia marahaba, maana salamu ya Idd haikataliwi, na mama mkwe akanusa vidole vyake baada ya kunipa. Kisha nikarudi kwa mjomba, nikapaza sauti kiasi cha gari la pili kusikia.

"Mama yuko pale, mjomba. Akungoja. Mwaka huu tumeona tusikusumbue kuja hadi Majengo, tumekuletea dadako hapa hapa."

"Dadake nani?" mzee akauliza.

"Dadake mjomba, babu. Tumbo moya. Mama alonizaa mimi ndiye alomlea yeye."

"Si yule mtumishi?" mkaza mjomba akasema, na sauti yake ikapotelea katikati.

Mjomba alifanya kosa. Angesema "huyu msichana ana wazimu" pengine angeokoka, maana nani angeniamini mimi na nguo zangu za moshi? Lakini alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa noti, akaikunja, akanipitishia dirishani. "Mpelekee mamako. Mwambie Idd Mubarak."

Mzee akaiona noti. Akaushika mkono ule kwa kipini cha bakora, ukakwama pale kwenye kioo.

"Mkono wa Idd haupitishwi dirishani," akasema. "Nijibu. Ni dadako au si dadako?"

Watu wa gari la pili walikuwa wameacha kutafuna. Mjomba alitazama bahari kama kawaida yake, lakini safari hii hapakuwa na meli ya kutazama.

"Ni dada yangu," akasema, chini kwa chini.

Mzee akauachia mkono wa mjomba. Kisha akalipuka. "Miaka yote wala chakula changu, waniambia kwenu wamekwisha! Kila Shaabani nawasomea hitima jamaa zako! Nimechinja mbuzi! Nimeita masharifu! Kumbe nawasomea watu walio hai, na mmoja wao akaanga viazi mbele ya mato yangu?"

Sikutegemea hitima. Jamani, nasema kweli, mimi nilijua tu habari ya mtumishi. Kwamba mamangu alikuwa akiombewa kila mwaka na masharifu, na watu wakala pilau ya maiti yake, hilo sikulijua, na lilinipanda kichwani. Kama nilikuwa na chembe ya huruma iliyobaki, iliishia pale.

"Shuka," mzee akasema.

Mjomba akashuka. Kofia ya kazi ya mkono, kanzu nyeupe, viatu vya ngozi. Nilimfuata nyuma karibu karibu, apate kuniona akitaka kurudi. Wauzaji wenzetu walikuwa wamekwisha kujua kuna jambo, na Laithausi jambo huenda mbio kuliko gari. Muuza madafu aliacha panga hewani.

Mpango wangu uliishia hapo. Niliwaza atafika, atabusu mkono, mamangu atalia, nami nitasimama kando nimekunja mikono na kumtazama alivyodhalilika. Nilikuwa nimelizoea wazo hilo kila usiku wa Ramadhani.

Akafika mbele ya karai. Akasimama.

"Dada," akasema, akanyosha mkono.

Mamangu hakuinua macho. Alichovya kiazi, akakiachia kwenye mafuta. "Ngoja. Mkono una unga."

Akangoja. Mbele yake palikuwa na foleni ya wateja, na mamangu akawahudumia wote. Aliwauliza mmoja mmoja wanataka pilipili kiasi gani. Wakaja wengine nyuma yake, nao akawahudumia. Mjomba alibaki amesimama upande wa moshi, na mafuta yakamrukia kwenye kanzu, tone baada ya tone. Alijaribu kusogea. Mamangu akamwambia, bila hasira, "Usiende mbali." Akarudi palepale.

Ndipo gari moja nyuma yetu likapiga honi mbili. Nilitaka kwenda. Mamangu akanizuia kwa jicho. Akaijaza sahani, akatia ukwaju, akamkabidhi mjomba.

"Wasikia honi? Mimi nimeshika unga, na huyu mwanangu amechoka. Peleka."

Mjomba alitazama gari lake. Mzee alikuwa ameshuka, amesimama na bakora yake anamwangalia. Basi akaipeleka. Mjomba wangu, wakala wa Kilindini, alivuka barabara na sahani ya viazi mkononi, akainama dirishani kwa watu asiowajua, na mwenye gari akampa pesa bila kumtazama. Akaja nazo. Mamangu akamwonyesha kwa kidevu kopo la kuzitia.

Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha ndimu na nimesahau kukata. Nilimwangalia mamangu nikaona simjui. Mwanamke aliyeniambia niweke kitu kifuani alikuwa ameweka chake muda wote, tena kikubwa kuliko changu, na hakuwa amekiweka ili kioze. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Nilijiona mtoto na hila zangu za kubusu mikono.

Foleni ilipopungua alisimama, akamimina maji kwenye beseni, akanawa. Alinawa vidole, akanawa katikati ya vidole, akasugua manjano kwenye kucha. Akajifuta. Ndipo alipomtazama ndugu yake usoni, na sijui mara ya mwisho alimtazama hivyo lini. Nikafikiri sasa atalia. Akanyosha mkono.

Mjomba akaushika, akainama.

"Idd Mubarak, dada," akanong'ona.

"Sikusikii."

"Idd Mubarak, dada."

"Nena kwa sauti," mamangu akamwambia. "Wakweo wako mbali."

Watu wa ukutani walikuwa wamegeuka, wameipa bahari mgongo. Mjomba akainua kichwa, uso umemwiva, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magari, "Idd Mubarak, dada yangu!" Kisha akaubusu ule mkono, machozi yanamtoka, akaung'ang'ania.

Mamangu alimwachia aubusu mpaka amalize. Akauvuta mkono wake, akatwaa kitambaa cha karai, akaufuta mbele na nyuma. Akaketi, akautia tena kwenye unga, akamtazama kijana mgeni aliyekuwa anangoja nyuma ya mjomba.

"Na wewe, mwanangu," akamwuliza, "wataka na ukwaju?"